Kalavati la Kumi na Saba

El Saucito, New Mexico
14 Januari 2025

Sajenti Haddix,

Mimi mzima, ukiondoa vile visivyo vizima, na hivyo unavijua. Usishtuke kupata barua ya mkono. Kwenye simu utanitania, nitacheka, tutaulizana habari za magoti, halafu tutakata bila kusema lolote. Kwenye karatasi huwezi kunikatiza.

Nimesimamishwa kazi. Unajua huu ni mwaka wa kumi na moja nahudumia boila za shule za wilaya hii, shule sita, na hakuna mtoto aliyewahi kukaa darasani na koti kwa uzembe wangu. Mwezi Novemba mwenzangu aliteleza kwenye ngazi akavunjika kifundo cha mguu. Mimi nilikuwa nimemshikia tochi tu. Lakini utaratibu ni utaratibu. Wote tuliokuwa chumba kile tulipewa vikopo tukakojoe. Changu kikarudi na bangi.

Sikukana. Nina kadi ya jimbo ya kutumia bangi kama dawa, nina daktari, nanunua dukani penye leseni. Matone manne chini ya ulimi baada ya chakula cha jioni, basi. Asubuhi nikiingia kazini akili imetulia kuliko ya mkurugenzi. Daktari wa hospitali ya maveterani anajua, amelitia kwenye faili, ila yeye hawezi kuniandikia dawa hiyo kwa sababu serikali kuu bado inaiita haramu. Kwa jimbo mimi mgonjwa, kwa Washington mimi mhuni. Ofelia wangu ananiambia nichague siku, Jumatatu mgonjwa, Jumanne mhuni.

Mkataba wa chama chetu cha wafanyakazi una kifungu: askari aliyeumia vitani, mwenye kadi, hafukuzwi kwa sababu ya mkojo peke yake. Tabu iko kwenye hilo neno "vitani". Mwanasheria wa wilaya amevuta taarifa ya jeshi ya tarehe 9 Agosti 2007. Alinisomea: "Aliyeuawa ni Lyle Pruett." Ikanichukua muda kuelewa kwamba anamsema Karanga wetu. Majina ya waliokuwepo yako saba. Langu halimo. Kwa karatasi zao, siku Karanga alipokufa mimi sikuwepo kabisa.

Taarifa ile uliiandika wewe. Kikao cha nidhamu ni tarehe 10 Aprili. Naomba barua ya ushahidi, ukurasa mmoja tu, useme nilikuwepo na kilichonipata. Nikifukuzwa kwa bangi, hakuna shule wala hospitali ya huku itakayonipa ufunguo wa chumba cha boila tena, na matibabu ya figo ya Ofelia yanategemea bima ya kazi hii.

Sijakuomba kitu tangu siku ile uliponibeba mgongoni.

Eliseo Archuleta


Harlow Creek, Kentucky
27 Januari 2025

Archuleta, bwana we!

Mara ya mwisho kupata bahasha yenye mwandiko wa mtu ilikuwa ya talaka, kwa hiyo yako niliifungua nimesimama mbali. Ofelia mpe salamu. Mwambie bado nakumbuka ile pilipili aliyonilisha siku ya harusi yenu akaniapia haiwashi.

Hebu niambie, bado unawachosha watu na lile neno lako la mifereji? Unatoka chini ya barabara, ndani ya kalavati la maji, tope mpaka masikioni, tunasubiri taarifa ya kijeshi kama ya watu wengine, wewe unabonyeza redio: "Maji yapite!" Luteni akisimuliwa alikuwa karibu kulia. Na Karanga kule nyuma, mdomo umejaa karanga zake: "Yanapita, babu!" Toto la miaka ishirini linakuita babu, nawe ulikuwa na ishirini na minne. Lo, tulicheka siku zile.

Sasa hilo jambo lako. Pole, nasema kutoka moyoni. Lakini unajua mimi ni nani hapa. Mimi ndiye mkuu wa usalama kwenye machimbo ya kokoto. Vikopo nawapa mimi. Mwezi uliopita nimemtoa dereva wa miaka ishirini, naye alikuwa askari, naye alikuwa na maelezo matamu kama yako. Leo nikae niandike kumtetea mla bangi? Najua, najua, matone. Matone ni bangi iliyovaa tai.

Na jambo la pili. Jina lako sikulisahau, nililiacha. Unakumbuka nilivyokwambia pale hema la wagonjwa? Nisipokuandika, hawatakuuliza. Wasipokuuliza, hutalazimika kusema nani alitangaza kalavati lile ni safi, halina bomu. Nilikulinda, ndugu yangu. Ukilifukua jalada hilo leo, swali la kwanza litakuwa lile lile. Achana nao. Una mikono yenye ujuzi, tafuta kwingine, mimi nitakuandikia barua ya sifa hata kurasa tatu.

Kunywa kitu kizuri kwa niaba yangu. Mimi nimeshaanza.

Corwin Haddix


El Saucito
8 Februari 2025

Sajenti,

Sitaki sifa. Nataka uandike nilikuwepo.

Nitakuambia ninachokumbuka, ili usiseme nabuni. Gari la kwanza tulikuwa wawili tu, wewe unaendesha kwa sababu dereva wetu alikuwa anaharisha. Karanga nyuma yetu na gari lake, msafara nyuma yake. Kila penye kalavati chini ya barabara nashuka, naingia na tochi, natazama kama wametega kitu, nikitoka natangaza kwenye redio, ndipo magari yavuke. Nakumbuka kalavati la kumi na sita, lilikuwa na ndara ya mtoto ndani, rangi ya kijani. Baada ya hapo sina kitu. Nafumbua macho niko hemani, wewe uko pembeni una damu yangu shingoni.

La kumi na saba uliniambia wewe. Kwamba niliingia nimechoka, nikatoka, nikasema safi. Sisi tukavuka, Karanga akakanyaga. Sikubishana. Mtu aliyekubeba hatua mia mbili akikwambia jambo, unaanzaje kumhoji?

Ninaishi na neno hilo, Sajenti. Boila ikianza kupata moto mabomba hugonga, na humo ndani naisikia: "Kumi na saba, safi." Sauti ya redioni, ya puani. Na Karanga husimama kona ya matangi ya maji, kofia ya chuma kwapani, anatafuna. Hana hasira. Anasubiri nimruhusu avuke. Hayo matone unayoyacheka hayamfukuzi. Yananiwezesha kukaa naye chumba kimoja nikafunga nati zangu mpaka ya mwisho. Basi, kazi yake ndiyo hiyo.

Mtu wa chama amenishauri niache matone mpaka kikao kipite, nionekane mwema. Leo ni siku ya ishirini. Ninapoandika barua hii ni saa nne asubuhi, jua limejaa dirishani, na Karanga yuko jikoni.

Jambo jingine sijawahi kumwambia mtu zaidi ya Ofelia. Mama yake Karanga, Bi Noreen, ananiletea kadi kila Krismasi kutoka Nebraska. Zimefika kumi na nane. Sijafungua hata moja. Ziko kwenye boksi la buti juu ya kabati. Nimuulie mtoto halafu nisome heri zake?

Kwa hiyo usiogope kwa ajili yangu. Andika yote. Andika kwamba mimi ndiye niliyesema safi. Nitabeba, maana tayari nimebeba.

Eliseo


Harlow Creek
24 Februari 2025

Archuleta,

Nimeandika mara nne, mara tatu nimechana. Hii hapa chini. Nimeigongesha mhuri kwa wakili.

"Mimi, Corwin Haddix, niliyekuwa sajenti wa kikosi cha kukagua barabara, natoa ushahidi kwamba tarehe 9 Agosti 2007 Eliseo Archuleta alikuwa nami katika gari la kwanza. Kwenye kalavati la kumi na saba alishuka, akakagua kadiri uchovu ulivyomruhusu, akatangaza 'Safi' kwenye redio. Gari la pili lilipopita, bomu lililipuka. Archuleta alikuwa amesimama kwenye mlango wa juu, ule wa paa la gari. Alirushwa barabarani, akapoteza fahamu karibu saa nzima. Sikuandika jina lake kwenye taarifa kwa kumwonea huruma."

Umepata ulichotaka. Kama kuna njia ya kushinda bila kuitoa, usiitoe. Na usinijibu kwa urefu, macho yangu siku hizi si mazuri.

Haddix


El Saucito
17 Machi 2025

Haddix,

Nitakujibu kwa urefu, na utasoma.

Juzi Jumamosi tulisafisha mfereji, kama kila mwaka kabla maji hayajaachiliwa kutoka mlimani. Kila nyumba inatoa mtu na koleo. Chini ya barabara ya wilaya kuna kalavati, na miaka yote hii watu hunipangia kazi ya juu huko, mbali nalo, bila kuuliza. Mwaka huu msimamizi wetu, Don Celedonio, mzee wa miaka themanini na moja, aliangalia watu wake, mmoja mnene, mmoja anaumwa kiuno, akanielekezea fimbo: "Archuleta, ingia. Ama nawe unataka kuandikiwa cheti cha daktari?" Watu wakacheka. Nikaingia kwa aibu ya kuchekwa.

Tope lilikuwa baridi, mizizi ya mierebi imejaa. Upande wa pili Karanga alikuwa amechuchumaa mdomoni mwa kalavati, ananitazama, anatafuna. Nilisema moyoni, leo nakufa humu. Lakini nilivuta mizizi, nikavuta, ikatoka yote, nikatambaa mpaka nje, na kabla sijafikiri nikapaza sauti kama babu yangu alivyokuwa akipaza, kama baba alivyopaza: "Maji yapite!" Na watu wote juu ya ukingo wakaitikia, "Yapite!"

Nikakaa kwenye tope. Ofelia alikuja mbio akidhani ni moyo.

Haddix, hilo ndilo neno langu. Sina jingine. Makalavati kumi na sita ya siku ile nilisema hilo hilo, na ya siku zote kabla yake. Nilirudi nyumbani na tope langu, nikachukua barua yako ya Januari nikaiweka kando ya hati yako ya Februari. Januari unanicheka: tunasubiri taarifa ya kijeshi, wewe "maji yapite". Februari unaapa mbele ya wakili kwamba nilitangaza "safi". Mimi sijapata kusema "safi" kwenye redio hata siku moja. Katika gari lile aliyekuwa akisema "safi" ni mtu mmoja.

Nakuuliza mara moja tu. Nani alishuka kwenye kalavati la kumi na saba?

Archuleta


El Saucito
31 Machi 2025

Haddix,

Siku kumi na nne. Nimepiga simu, umeizima.

Hati yako ninayo mezani. Mtu wa chama anasema ni nzuri, ina mhuri, itaniokoa kazi. Itasema nilimuua Karanga, na nikiipeleka nitakuwa nimekubali kwa mkono wangu. Ofelia anasema niipeleke, tutalia baadaye. Tumegombana, na yeye ndiye mgonjwa.

Sitaipeleka. Tarehe 10 nitaingia mikono mitupu na mkojo wangu, wanifukuze.

Karanga amekaa kwenye kile kiti ulichokalia siku ya harusi.

Archuleta


Harlow Creek
4 Aprili 2025

Eliseo,

Hakuna aliyeshuka.

Tulikuwa tumechelewa dakika arobaini. Luteni alikuwa ananitukana kwenye redio ya msafara tangu kalavati la kumi na mbili. Wewe ulishafungua mlango, mguu mmoja uko nje, tochi mkononi. Nikakushika mkanda nikakuvuta ndani. Nikakwambia, "Kaa, hili nimeliona." Nilikuwa sijaona kitu. Nikachukua redio yetu, ile ambayo Karanga peke yake ndiye aliyekuwa akitusikia, nikasema. Wewe ukapanda mlango wa juu ukaangalia nyuma, sijui kwa nini. Labda hukuniamini. Ndiyo maana ulirushwa.

Nilipokuwa nimekubeba ulikuwa unaniuliza sikioni, "Nilisema? Nilisema?" Nikajua unauliza lile neno lako. Nikajibu, "Ulisema." Naapa nilidhani utakufa kabla hatujafika, nikataka unyamaze tu. Ulipoamka hukukumbuka chochote, na neno langu lilikuwa limeshakaa ndani yako. Nikasema nitalitoa kesho. Kesho yake nikaandika taarifa, na jina lako nikaliruka, maana wewe tu ndiye ungeulizwa. Wewe nilikwambia nakulinda. Nimelirudia hilo miaka kumi na saba, mwisho nikawa naliamini siku za Jumapili.

Unadhani anakuja kwako peke yako? Kwangu anakaa kiti cha nyuma cha pikapu. Namwona kwenye kioo. Hatafuni. Umeniandikia kwamba kwako anatafuna, na tangu nisome hivyo silali, kwa sababu kwangu amefunga mdomo tangu siku ya kwanza, ananitazama tu shingoni.

Na dawa yangu ya chupa inauzwa kila kona, haina kadi, haina kikao. Nani atanipa mimi kikopo? Ningepewa kimoja asubuhi yoyote ya miaka hii tisa ya kazi ningeondoka kabla ya yule dereva niliyemfukuza. Anaitwa Virgil. Sikukutajia jina lake.

Hii nimeituma leo kwa kikao chenu kwa rejista, nakala kwa jeshi. Ile ya kwanza ichome.

"Natengua ushahidi wangu wa Februari. Kalavati la kumi na saba halikukaguliwa. Archuleta alitaka kulikagua, nilimzuia kwa mkono. Neno 'safi' nililisema mimi. Majeraha yake na yote yaliyofuata yalitokana na mlipuko ule na uongo wangu. Jina lake nililiacha kwenye taarifa kwa sababu ndiye shahidi pekee aliyebaki hai. Kama mtu atafukuzwa kazi kwa lililotokea siku ile, si yeye."

Corwin


El Saucito
27 Aprili 2025

Corwin,

Kifungu kimesimama. Mwenyekiti aliisoma barua yako kwa sauti, akaanza tena kutoka mwanzo. Yule mwanasheria wa wilaya alivua miwani akaniuliza kama nahitaji maji. Nimerudi kazini wiki iliyopita, na kadi yangu iko kwenye faili langu, imepigwa mhuri, hakuna atakayeniuliza tena kwa sababu ya kikopo peke yake. Bima ya Ofelia haijaguswa. Yeye anasema nikuandikie asante. Mimi nimekaa siku kumi kabla ya kushika kalamu.

Nakuchukia. Naliandika waziwazi ulione. Na nikifikiri ulivyokaa peke yako ukaandika ile karatasi, nakushukuru, na vyote viwili ninavyo, sijui niviweke wapi. Ulinipa kaburi la mwenzangu nililee miaka kumi na saba, huku ukiniuliza habari za magoti kwenye simu.

Nimerudia matone yangu. Mabomba bado yanagonga na sauti bado imo. Lakini sasa nimeitambua. Ina lafudhi ya Kentucky kabisa, bwana, na mimi miaka yote nikidhani ni redio mbovu.

Nimeteremsha boksi la buti. Tumezifungua kadi meza ya jikoni, mimi na Ofelia, kuanzia ya kwanza. Nyingi ni heri tu, na habari za kuku wake. Lakini ile ya Krismasi ya 2007 ndani alikuwa amenakili kipande cha barua ya mwisho ya Lyle. Imekaa juu ya kabati langu muda wote huu. Nakunakilia nawe, neno kwa neno:

"Mama, usihofu. Mbele yangu kuna jamaa wa New Mexico anayeingia chini ya kila daraja, na akitoka anasema maji yapite. Nikimsikia yeye, navuka huku natafuna. Siku nyingine Sajenti ndiye anayetangaza, na siku hizo huwa naacha kutafuna mpaka nifike ng'ambo."

Bi Noreen bado anaishi nyumba ile ile, anwani nimeiandika nyuma ya bahasha. Usimwandikie, nenda. Mwambie mwenyewe, ukiwa hujanywa.

Ukirudi, mwakani Machi tunasafisha mfereji. Koleo lipo. Kalavati utaingia wewe, nami nitakaa juu barabarani nisikie utasema nini ukitoka.

Eliseo